Maswali ya Wasomaji: Tiketi ya Treni ya Ng'ambo kwa Njia ya Mtandao

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: tiketi imekatwa, pesa zimetoka, kisha mambo yameharibika. Aghalabu kosa halikutokea stesheni. Lilitokea kwenye fomu ya kukatia tiketi, dakika kumi kabla ya kulipa. Tumezifupisha barua.

Natafuta treni ya usiku kutoka Florence hadi Vienna, mwezi wa Februari. Tovuti moja inasema stesheni haipo, nyingine inasema hakuna safari. Jamaa yangu alipanda treni hiyohiyo mwaka jana. Imefutwa?

Huenda haijafutwa. Umekutana na mambo mawili kwa mpigo.

La kwanza ni jina. Mifumo mingi ya reli huutambua mji kwa jina wanaloliandika wenyeji: Firenze, si Florence, Wien, si Vienna, Köln, si Cologne, Praha, si Prague. Simu yako ikikosa zile nukta za juu, andika Koeln au Muenchen, tovuti za Kijerumani zitakuelewa. Ukishaupata mji, angalia stesheni. Firenze ina zaidi ya moja, na treni ya usiku si lazima isimame kwenye ile kubwa ya Santa Maria Novella, kwa hiyo tafuta kwa mji mzima kwanza. Venezia Mestre iko bara. Ukitaka kushukia kwenye mifereji, shuka Venezia Santa Lucia. Lille Flandres na Lille Europe ni stesheni mbili, na baina yake utatembea kwa miguu na mizigo yako. Kuna pia Frankfurt mbili: Frankfurt (Main) ni ile ya mabenki na uwanja mkubwa wa ndege, Frankfurt (Oder) iko mpakani na Poland, upande wa pili wa Ujerumani. Orodha ya kuchagulia huziweka zikifuatana, na kidole kikiteleza umeshanunua.

La pili ni tarehe ya kufunguliwa mauzo. Ratiba ya reli za Ulaya hubadilika kila mwaka katikati ya Desemba, Jumamosi ya pili kuamkia Jumapili. Safari za baada ya hapo mara nyingi huchelewa kuingizwa sokoni, hasa za treni za usiku na zile zinazovuka mipaka. Ubaya ni kwamba tovuti nyingi haziandiki "bado hatujaanza kuuza". Huandika "hakuna safari". Kipimo chake ni rahisi. Tafuta njia hiyohiyo wiki tatu kuanzia leo, siku ileile ya wiki. Ikitokea, treni ipo, na Februari yako inasubiri kufunguliwa. Isipotokea hata hapo, huenda kuna ukarabati wa njia au huduma imesimama kweli.

Nje ya Ulaya kila nchi ina dirisha lake. India hufungua siku 60 kabla ya safari tangu Novemba 1, 2024. Zamani zilikuwa 120, na maelezo mengi ya zamani bado yanazagaa mtandaoni. Japani hufungua viti vya shinkansen, treni zake za mwendokasi, mwezi mmoja kabla, saa 10:00 asubuhi kwa saa za huko. China ni siku 15 tu, kwa hiyo anayetaka kupanga miezi mitatu mbele hatapata kitu, na mtu anayemwambia "nimeshakukatia" mapema hivyo amemwandikisha kwenye orodha ya maombi tu.

Nimeingiza namba za kadi mara nne, salio lipo, malipo yanakataliwa. Sasa benki inaonyesha kiasi kilekile kimezuiwa mara mbili na tiketi sina.

Kwanza acha kujaribu. Kila jaribio linalofeli huongeza uwezekano wa mfumo wa benki kukushuku na kuifunga kadi kabisa.

Pesa "iliyozuiwa" bado haijalipwa. Muuzaji aliomba benki imshikie kiasi hicho, kisha muamala haukukamilika. Kwa kawaida huachiwa yenyewe baada ya siku kadhaa. Kabla ya kuanza upya, fungua baruapepe (na folda ya barua taka), kisha uangalie orodha ya safari kwenye akaunti yako ya tovuti. Wengine hukuta tiketi ipo tayari, ni ukurasa wa mwisho tu uliogoma kufunguka. Kama tiketi haipo na kiasi kimehama kutoka "kimezuiwa" kwenda "kimelipwa", hapo ndipo unapoandikia muuzaji na benki, ukiambatisha saa ya muamala na namba ya kumbukumbu.

Sababu za kukataliwa, kwa mpangilio tunaoona unafaa kukaguliwa: Je, kadi imeruhusiwa malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi? Benki nyingi huviweka hivi kama swichi mbili tofauti ndani ya programu yao ya simu, na huenda zimezimwa mwanzoni. Je, kiwango cha juu cha matumizi kwa siku kinatosha? Halafu ile namba ya siri ya mara moja inayokuja kwa ujumbe mfupi: inakwenda kwenye laini iliyosajiliwa benki, na kama laini hiyo imebaki nyumbani kwenye droo, au uko ng'ambo na huduma ya kutumia laini nje haijawashwa, namba itafika kwenye simu isiyokuwepo mkononi mwako huku ukurasa ukiisha muda. Hili ndilo linalowakwamisha wengi, kwa hiyo tiketi za muhimu zikate kabla hujaondoka. Benki inayotaka uthibitishe ndani ya programu yake nayo ina mtego: ukitoka kwenye kivinjari cha simu kwenda kuthibitisha, ukurasa wa malipo unaweza kujipakia upya na kupoteza kila kitu. Tumia kompyuta kwa tiketi, simu kwa kuthibitisha.

Kadi ikiendelea kugoma, badilisha muuzaji kabla hujabadilisha kadi. Treni inayokwenda nchi mbili aghalabu huuzwa na mashirika ya reli ya pande zote mbili. Safari ya München hadi Wien, kwa mfano, inauzwa na DB ya Ujerumani na ÖBB ya Austria, na bei zao hazilingani kila wakati.

Mawili ya ziada. Ukurasa ukikuuliza kama ulipe kwa sarafu ya muuzaji au kwa sarafu yako, chagua ya muuzaji. Ile nyingine inavutia kwa sababu unaielewa, lakini kiwango cha kubadilishia amekipanga yeye na faida yake imo ndani. Na kadi za mtandaoni zisizo na plastiki zinalipa vizuri, ila kuna mahali tiketi inachukuliwa kwenye mashine kwa kuingiza kadi ileile iliyolipia. Baadhi ya huduma za Japani ziko hivyo. Kadi isiyoshikika hapo haina la kukusaidia.

Tulifika stesheni Jumamosi usiku, treni ya 00:15, tukaambiwa imeondoka jana. Tiketi inasema Jumamosi! Tunadai nini?

Pole sana, lakini hamna la kudai. Treni ya 00:15 ya Jumamosi huondoka robo saa baada ya Ijumaa kuisha. Kwa Kiswahili tungesema usiku wa kuamkia Jumamosi, na ajabu ni kwamba lugha yetu ilishalitatua jambo hili zamani: kwa wanaohesabu siku kuanzia magharibi, huo ndio hasa usiku wa Jumamosi. Ratiba za reli zinahesabu kuanzia saa sita ya usiku. Kabla ya kulipa treni yoyote ya kati ya 00:00 na 05:00, isome tarehe kwa sauti ukianza na "usiku wa kuamkia". Ikikugonga vibaya sikioni, rudi ukurasa wa nyuma.

Saa zenyewe nazo zina mtego kwetu. Tiketi hutumia saa 24: 07:15 ni saa moja na robo asubuhi, 18:40 ni saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Mtu anapomwambia mwenzake kwa simu "treni ni ya saa saba" hakuna ajuaye kama ni 07:00 au 13:00. Tumianeni picha ya tiketi.

Tena, kila saa iliyoandikwa ni ya mahali pale. Treni ya Paris inayoondoka 10:00 na kufika London 11:20 haikutumia saa moja na dakika ishirini. Ilitumia mbili na ishirini, ila saa za London ziko nyuma kwa moja. Anayepanga kikao cha video ndani ya treni akumbuke hilo.

Mfumo unataka "jina la kwanza" na "jina la ukoo". Mimi nina majina matatu, na pasipoti yangu inaisha mwezi kabla ya safari, nitapewa mpya. Niandike nini?

Fuata ukurasa wa picha wa pasipoti kama ulivyo: kilichoandikwa kwenye mstari wa jina la ukoo kiweke hapo, mengine yote yaweke kwenye jina la kwanza, hata yakiwa mawili. Usitumie jina la mtaani wala kifupi.

Uzito wa kosa unategemea nchi. Treni nyingi za mikoani Ulaya hazijali jina kabisa. Tiketi ya mtandaoni ya masafa marefu ya Ujerumani ni ya mtu aliyeandikwa, na mkaguzi anaweza kuomba kitambulisho chenye picha. China ndiko kugumu zaidi: tiketi haina karatasi, imefungwa kwenye namba ya pasipoti, na pasipoti ndiyo inayosomwa getini. Mwenye pasipoti ya kigeni mara nyingi hupita kwenye geti lenye mhudumu. Tarakimu moja ikikosewa, safari imesimama. Kwa hiyo katika hali yako, huko China subiri pasipoti mpya ndipo ukate. Kwa kuwa mauzo hufunguka siku 15 tu kabla, hutapoteza kitu. Eurostar, treni ya kati ya London na Ulaya bara, ni katikati: jina ni lazima lilingane na pasipoti, kwani uhamiaji unakaguliwa kabla ya kupanda.

Ipi salama, tiketi moja ndefu au vipande vipande? Vipande ni nafuu zaidi.

Nafuu ni kweli, na mara nyingine tofauti ni kubwa. Lakini jua unachonunua.

Tiketi moja ya safari nzima inalifanya shirika la reli liwajibike kukufikisha mwisho. Chukua safari ya Köln hadi London ukibadilisha Bruxelles-Midi. Treni ya kwanza ikichelewa dakika hamsini na ukaikosa ya pili, mwenye tiketi moja hupangiwa treni nyingine. Mwenye tiketi mbili alizozinunua kando, kwa macho ya sheria, amefika Bruxelles amechelewa kidogo, basi. Ile ya pili aliikosa mwenyewe. Na treni za London hazisubiriwi jukwaani. Mageti hufungwa nusu saa kabla ya kuondoka, kwa hiyo "nina dakika arobaini za kubadilisha" maana yake una dakika kumi.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, iliyoanza kutumika Juni 7, 2023, inakupa haki hizi: ukichelewa kufika kwa dakika 60 hadi 119, fidia ni asilimia 25 ya nauli, kuanzia dakika 120, asilimia 50. Nauli inayohesabiwa ni ya tiketi iliyocheleweshwa, ndiyo sababu vipande hukupa fidia ndogo. Dai lipelekwe ndani ya miezi mitatu. Hali ya hewa ya kupita kiasi inaweza kulisamehe shirika kulipa fidia, mgomo wa wafanyakazi wake hausamehe. Kuna kifungu kingine ambacho wachache wanakijua: ikiwa shirika halijakueleza njia mbadala ndani ya dakika 100 tangu muda wa treni iliyochelewa au uliyoikosa, unaweza kujitafutia treni au basi lingine, kisha ukadai gharama za lazima na za kadiri. Tunza risiti, na piga picha ubao wa matangazo ukionyesha ucheleweshaji. Picha moja hufupisha barua kumi.

Ukiamua kukata vipande, acha angalau saa mbili katikati, tatu ikiwa kipande cha pili ni treni ya usiku au ya mwisho ya siku. Na kipande cha pili kiwe kile kinachobadilika bila gharama kubwa. Huko Ulaya bei ya chini kabisa ya masafa marefu karibu kila mara imefungwa kwenye treni moja: siku ile, saa ile, namba ile. Kupanda ya saa inayofuata na tiketi hiyo ni sawa na kupanda bila tiketi, labda kama ucheleweshaji ni wa kwao.

Familia ya watu wanne, wiki tatu, nchi tano. Tununue pasi ya reli?

Pasi ya reli ni tiketi moja ya kupandia treni nyingi kwa siku ulizolipia. Ile ya Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Wanaotoka nje hununua Eurail. Ni jambo la makazi, si la kupenda, na kinachofuata kiko karibu sawa kwa zote mbili.

Swali la kujiuliza ni nchi gani. Ujerumani, Austria na Uswisi, treni nyingi unapanda tu na pasi yako. Ufaransa, Italia na Hispania, treni za mwendokasi zinadai nafasi ya kiti inayolipiwa juu ya pasi, na Ufaransa nafasi za wenye pasi zina idadi, zinaisha hata treni ikiwa na viti. Familia yenye tarehe zilizokwisha kupangwa, inayokwenda miji mikubwa tu, mara nyingi itapata unafuu kwa tiketi za kawaida zilizokatwa mapema. Pasi inamfaa anayebadilisha mawazo njiani, au anayepanda milima ya Uswisi ambako tiketi za papo hapo ni ghali.

Pasi ya simu lazima iwashwe, na kila treni iongezwe kwenye siku ya safari kabla hujapanda. Pasi iliyolipiwa bila treni kuongezwa, mkaguzi ataihesabu kuwa si tiketi. Hakikisheni simu ina chaji: wekeni benki ya umeme (power bank) kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku.

Wekeni umri wa watoto kwa usahihi kwenye fomu hata mnapokata tiketi za kawaida. Ujerumani watoto wa miaka 6 hadi 14 husafiri bure wakiwa na mtu mzima, ila lazima waandikwe kwenye tiketi wakati wa kununua. Ukiwasahau huwezi kuwaongeza ukiwa ndani ya treni.

Ubalozi unataka uthibitisho wa usafiri, na tiketi za bei nafuu hazirudishwi. Nianze na nini?

Anza na viza. Ombi la viza ya Schengen (viza moja ya kundi la nchi nyingi za Ulaya) hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 lakini unaweza kufika 45. Ikibidi kuonyesha usafiri, peleka ratiba uliyoipanga, au tiketi ya daraja la bei inayorudishwa, hata kama ni ghali. Ukishapata viza unairudisha na kukata ya nafuu. Soma kwanza kama marejesho ni pesa taslimu kwenye kadi au vocha, kwani neno "inarudishwa" hubeba maana zote mbili.

Kisha hesabu idadi ya kuingia. Paris, London, halafu Amsterdam ni mstari mzuri kwenye ramani, lakini London iko nje ya Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja ameimaliza akipanda treni ya London, na hapo Amsterdam hafiki. Geuza mpangilio uweke London mwanzo au mwisho, au omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Uswisi haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kwa hiyo kuipitia hakukuletei shida hiyo.

Tiketi yangu ya India imeandikwa WL 14. Nina kiti?

Huna, bado. WL ni foleni, nawe ni wa kumi na nne. Watu wakifuta safari namba inashuka. Ikigeuka RAC unaruhusiwa kupanda, ila utaketi kitanda kimoja na mwenzako mpaka kipatikane kingine. Ikigeuka CNF una nafasi yako. Angalia hali yake kwa namba ya PNR, yaani namba ya kumbukumbu ya tiketi, yenye tarakimu kumi. Tiketi ya mtandaoni ikibaki WL baada ya orodha ya abiria kuandaliwa, hufutwa yenyewe na nauli hurudishwa ikiwa imepungua kidogo kwa makato. Usipande nayo.